Usingizi wa Mbwa na Dhuluma ya Mchana

Iko desturi katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, hasa katika mitaa ya watu wenye nafasi, ambayo imezoeleka hata haionekani tena kuwa ni desturi. Mbwa wa nyumba hufungiwa bandani alfajiri ili wageni wasiumwe na watoto wapate kwenda shuleni kwa amani. Hukaa humo mchana kutwa, katika nafasi ambayo aghalabu haizidi hatua nne kwa tatu, chini ya bati lililochomwa na jua. Kisha saa 3 au saa 4 ya usiku komeo huondolewa, naye huachiwa ua wote auzunguke hata kuche. Hapo ndipo kelele zianzapo. Humbwekea paka, humbwekea komba, huibwekea pikipiki ipitayo barabarani, hubwekea mwangwi wa sauti yake mwenyewe uliorudi kutoka ukutani. Mbwa wa ua wa pili humjibu, na wa tatu huwajibu wote wawili, mpaka mtaa mzima ukawa kama baraza lisilo na mwenyekiti.

Asubuhi yake mwenye mbwa huamka na macho mekundu, akatafuta mtu wa kumwambia la kufanya ili mbwa wake alale usiku. Humwuliza bwana mifugo, humwuliza jirani, humwuliza muuza dawa. Majibu apewayo ni mengi: mnyororo, fimbo, kidonge, ndoo ya maji ya baridi, au kumtoa mbwa kwa mtu mwingine akamsumbue huko. Hapana hata moja katika majibu hayo liligusalo jambo lenyewe, kwa sababu swali limeulizwa upande wa usiku hali kosa limetendwa upande wa mchana. Kiumbe aliyenyimwa mchana wake hana usiku wa kutulia. Hiyo ndiyo hoja itakayotetewa hapa, na wenye kuichukia ni wengi, kwa maana inamrudishia mwenye mbwa mzigo alioutua juu ya mgongo wa mbwa.

Kwanza yafaa kutazamwa kibao kitundikwacho langoni. Kimeandikwa MBWA KALI, na kwa miaka mingi kimesomwa na wapita njia bila ya mtu kushtuka. Mwanafunzi wa sarufi wa mwaka wa kwanza ajua kwamba jina la kiumbe chenye uhai, ijapokuwa umbo lake ni la ngeli ya vitu, hupatanishwa kama mtu: mbwa mkali, simba mzee, ng'ombe mnene. Kali pasipo kiambishi ni sifa ya siki, na ya dawa, na ya pombe. Kibao hicho, basi, kimemtoa mbwa katika jamii ya viumbe kikamtia katika kabati la dawa. Itasemwa kwamba hilo ni kosa dogo la mwandika vibao, au kwamba ndivyo Kiswahili kisemwavyo katika sehemu nyingi za bara, wala hapana haja ya kubishana juu ya hayo. La kustaajabisha ni kwamba mambo ya ndani ya ua hufuata sarufi ya langoni bila ya kukosea hata herufi. Kitu huwekwa ghalani kisipotumika, hutolewa saa ya kazi ikifika, na kikiharibika hutupwa. Hakiulizwi kama kimepumzika. Mbwa wa kienyeji amefanyiwa ubaya zaidi, kwa maana hata jina la mbwa halikuachwa peke yake. Likaongezwa shenzi, au koko, kana kwamba kuzaliwa katika nchi hii ni upungufu kwa mnyama.

Usingizi wa mbwa haufanani na usingizi wa binadamu, na asiyelijua hilo hudai lisilowezekana. Mwaka 1993 wataalamu wawili wa Australia, Adams na Johnson, walitangaza matokeo ya kuwatazama mbwa usiku. Waliona kwamba kwa wastani mbwa hulala dakika 16, kisha huwa macho dakika 5, kisha hulala tena. Na kwa usiku wenye muda wa saa 8 mizunguko hiyo hufika 23 hivi. Maana yake ni kwamba mbwa alalaye usiku kucha kama mtu alalavyo hayuko. Yuko mbwa aamkaye, akainua kichwa, akanusa upepo, akaona hapana neno, akajikunja akalala tena. Na yuko mbwa aamkaye akashindwa kurudi. Tofauti ya hao wawili ndiyo shida yote. Wa kwanza haamki mara chache kuliko wa pili, illa kila aamkapo hakuti ndani yake njaa ya kutembea, wala joto la bati lililomchosha bila ya kumpumzisha, wala saa nyingi za kutazama ubao mmoja wa mlango. Wa pili huyakuta yote hayo. Dakika zake 5 huwa 50, na mtaa mzima huzihesabu pamoja naye.

Kwamba usingizi si anasa kwa mbwa, bali ni uhai wenyewe, lilijulikana zamani, na kwa njia ya kuhuzunisha. Mwaka 1894 Marie de Manacéïne, mwanamke mtaalamu wa tiba wa Urusi, alieleza jinsi alivyowazuia watoto 10 wa mbwa wasilale hata kidogo. Walikufa kwa muda wa siku nne au tano. Baadaye, katika miaka iliyotangulia vita vya 1914, Wafaransa wawili, Legendre na Piéron, waliwakesha mbwa siku nyingi, wakachukua maji ya ndani ya uti na ubongo wao wakawatia mbwa waliopumzika. Na hao waliopumzika wakashikwa na usingizi. Binadamu, kwa hiyo, amejifunza mengi juu ya usingizi wake mwenyewe kwa kumnyima mbwa wake, na ingalikuwa ni adabu tu kwake kulikumbuka hilo anapochukua fimbo saa 8 ya usiku.

Katika zama hizi maarifa hayo hutafutwa kwa upole zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd mjini Budapest, wataalamu hupima umeme wa ubongo wa mbwa waliolala, kwa vidude vinavyobandikwa juu ya ngozi visivyoumiza, naye mwenye mbwa ameketi karibu. Mambo mawili katika yale waliyoyatangaza yanafaa sana kwa hoja hii. Mwaka 2018 walionyesha kwamba baada ya mchana wenye shughuli nyingi mbwa huanza kulala mapema zaidi na huwa na usingizi mzito mwingi zaidi. Na mwaka 2017 walikuwa wameonyesha jambo lililo gumu kidogo: mbwa waliotendewa jambo la kuwachukiza kabla ya kulala walipitiwa na usingizi upesi kuliko waliobembelezwa na kuchezewa, lakini mgawanyo wa sehemu za usingizi wao ulibadilika. Asomaye habari hii kwa haraka atasema, Vema, basi apigwe alale upesi. Asomaye kwa makini ataona kwamba kunyamaza si kupumzika. Mwenye kujisifu kwamba mbwa wake alitulia baada ya kuchapwa amepata ukimya, na ukimya huo ameununua kwa mali ya mtu mwingine.

Wako wasemao kwamba mazungumzo yote haya ni bure, kwa kuwa mbwa hafugwi ili alale. Hufugwa ili akeshe. Hoja yao ina nguvu, kwa maana wevi wapo, na ua usio na mbwa huonekana mapema. Walakini wanaoisema hawajapata kuuliza ukeshaji wa mbwa ni kitu gani. Kiumbe aamkaye mwenyewe mara 23 kwa usiku, asikiaye milio myembamba ya kiasi cha mitetemo 45,000 kwa nukta hali sikio la binadamu hukoma kwenye 20,000, hahitaji kunyimwa usingizi ili awe mlinzi. Ulinzi wake umo ndani ya usingizi wake. Amlazimishaye kuwa macho muda wote hamwongezei ulinzi. Humwondolea uwezo wa kupambanua. Mlio wa mbwa ni habari. Habari itangazwayo mara mia kwa usiku mmoja si habari tena, na mwenye nyumba aliyeizoea hugeuka upande wa pili akavuta shuka. Mwizi naye ayajua hayo vizuri kuliko mwenye nyumba. Huja wakati mbwa abwekapo, kwa sababu ndio wakati ambao hapana atokaye.

Si mbwa tu atumiwaye hivi. Mlinzi aketiye kwenye kibanda cha langoni hupokea zamu saa 12 jioni, huitua saa 12 asubuhi, na wengi huenda moja kwa moja kwenye kibarua cha pili kwa sababu mshahara wa kwanza hautoshi. Nyumba moja huwa na viumbe wawili waliodhulumiwa mchana, mmoja kwa komeo na mmoja kwa ufukara, na mwenye nyumba hulalamika kwamba mmoja husinzia na wa pili hapigi kimya. Lakini habari za mlinzi zastahili insha yake peke yake.

Upinzani wa namna nyingine hutoka pwani, nao husemwa kwa jina la dini. Huambiwa kwamba mbwa ni najisi, mahali pake ni nje, na mwenye kumfikiria usingizi wake amekwisha kuiga mila za watu wengine. Methali hutajwa upesi: ukizoea mbwa utaingia naye msikitini. Methali hiyo ni njema, walakini inasema juu ya mipaka ya mazoea, haisemi juu ya dhuluma. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani, chombo kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na hapana Mwislamu anayeambiwa hapa aache kukiosha. Wala hapana anayeambiwa amlaze mbwa kitandani. Lakini mafundisho hayo hayo yameruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na yamehifadhi habari ya mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, naye akasamehewa kwa ajili hiyo. Na katika Sura ya Pango wametajwa vijana waliolala miaka 300 na 9 zaidi, na pamoja nao mbwa wao, amenyosha mikono yake kizingitini. Hakuwa ndani ya pango hasa, wala hakuwa amefungiwa mbali. Alikuwa mlangoni, mahali pa mlinzi, na habari yake husimuliwa pamoja na ya mabwana zake. Pajapo mwanachuoni wa kuthibitisha kwamba unajisi wa mate ni ruhusa ya kumnyima mnyama kivuli, atusomee andiko lake.

Juu ya wale wadhanio kwamba mbwa aliaye usiku ameona jini au anabashiri maiti, hapana haja ya kukawia. Maiti hutokea katika kila mtaa, na mbwa hulia katika kila mtaa. Mambo mawili yatokeayo kila mahali ni rahisi kuyakutanisha. Mbwa apigaye ukelele mrefu aghalabu anamjibu mbwa mwingine aliye mbali, au king'ora cha gari, au yu peke yake hali hakuzaliwa kuwa peke yake.

Upweke huo ndio unaosahauliwa zaidi katika habari ya mtoto wa mbwa. Majuma 8 ya kwanza ya uhai wake ameyalala juu ya tumbo la mama, katikati ya ndugu zake, hajapata kusikia usiku usio na pumzi ya mwenziwe. Siku moja hutiwa katika sanduku, hupakiwa garini, na jioni hiyo huwekwa peke yake katika stoo yenye makaa na mitungi. Hulia. Hapo ushauri upendwao sana ni kwamba aachwe alie mpaka achoke, ati atajifunza. Kweli hujifunza. Hujifunza kwamba giza ni mahali ambapo kuita hakuleti mtu, na somo hilo huja kuwasumbua waliomfundisha kwa muda wa miaka kumi. Zaidi ya hayo, mtoto wa miezi miwili hawezi kuzuia mkojo wake usiku kucha, hata kama angepigwa kila siku. Kibofu hakisikii fimbo. Mwenye busara humweka majuma ya kwanza karibu na mahali walalapo watu, katika kikapu au sanduku la chini, huamka mara moja au mbili kumtoa nje bila ya taa kubwa wala michezo, humrudisha, na kila baada ya siku chache humsogeza mbele kidogo, mpaka afike mahali atakapolala maisha yake. Kazi hiyo hukamilika kwa muda mfupi kuliko muda utumiwao kulalamika.

Iko pia huruma mbaya, na ni haki kuitaja, isije ikadhaniwa kwamba lawama zote ni za wakatili. Kuna wenye nyumba ambao mbwa mzima, mwenye afya, akikoroma mlangoni saa 9 ya usiku huamka wakampa kipande cha nyama ili anyamaze. Usiku wa pili hukoroma saa 8. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa naye hivyo hivyo. Huyu amefundishwa kwamba nyama hupatikana usiku kwa kupiga kelele, naye si mjinga kuliacha soko lenye faida. Wengine husimama dirishani wakamfokea. Mbwa asikiapo bwana wake akipaza sauti gizani hadhani amekatazwa. Hudhani ameungwa mkono. Kama pana haja ya kwenda, mtu aende mara moja, atazame kilichobwekewa, aseme neno moja kwa sauti ya kawaida, arudi ndani.

Basi mbwa atalalaje? Atalala kwa kupewa mchana. Komeo la banda lifunguliwe. Ikiwa wageni ni wengi na mbwa hajazoea watu, na ajengewe uzio upande mmoja wa ua, penye mti au paa la makuti, apate kivuli kinachohama pamoja na jua naye ahame nacho. Maji yawepo wakati wote. Kumnyima mbwa maji jioni ili asikojoe usiku ni ukatili uliojivika akili. Atembezwe mara mbili, asubuhi kabla ya jua kukaza na jioni baada ya kupungua, kwa kamba ya kutosha kumwezesha kusimama anapotaka. Kusimama huko ndiko kutembea kwenyewe. Wengi wa wanaotembeza mbwa humvuta kama mkokoteni, wakipima hatua na saa, hali mbwa hatembei kwa miguu tu. Pua yake hukadiriwa kuwa na vipokea harufu zaidi ya milioni 200, na ya binadamu ina milioni 5 au 6. Kila kisiki ni gazeti kwake. Mbwa aliyeachwa anuse kwa nusu saa hurudi amechoka kuliko aliyekimbizwa kwa saa nzima, na uchovu wake ni ule uliotulia, usio na hasira. Mbwa aliyefungiwa miaka mingi asianze kwa safari ndefu. Viganja vyake vimelainika na moyo wake umezoea sakafu. Aanze na njia fupi, na awe amekwisha chanjwa.

Chakula nacho kina neno. Mbwa wengi wa mijini hulishwa mara moja, sufuria ya ugali kwa dagaa, saa ile ile wafunguliwayo usiku. Hushiba na kupata uhuru kwa wakati mmoja, na watu hushangaa kwa nini hawalali. Sehemu ya chakula hicho na apewe asubuhi. Sehemu nyingine atupiwe majanini, chembe chembe za dagaa, azitafute mwenyewe. Robo saa ya kazi hiyo ina faida kuliko mfupa mkubwa. Mlo wa jioni uwe mapema, na kabla ya watu kulala atolewe ajisaidie kwa mara ya mwisho. Mahali pa kulala pawe pamoja kila siku, pakavu, pameinuliwa juu ya kichanja kidogo ili maji ya mvua yasipite chini ya ubavu wake, na pawe na gunia linaloanikwa juani kila juma. Mlango wa banda usielekee barabara. Mbwa awekwaye mbele ya lango la matundu, akaona kila miguu ipitayo, hana tofauti na mtu aliyetandikiwa kitanda katikati ya soko.

Yatazamwe pia mambo yaliyo juu ya ngozi. Viroboto, kupe, upele na funza hawana adabu ya usiku. Mnyama ajikunaye halali, na anayedhaniwa kuwa mkaidi mara nyingi analiwa tu. Mbwa mzee ana sababu nyingine. Viungo humwuma, kibofu humlegea, macho humfifia, na wengine hupatwa na maradhi ya ubongo ya uzeeni yanayogeuza usiku wao kuwa mchana: husimama pembeni mwa ukuta kana kwamba wamesahau walikokuwa wakienda, huzungukazunguka, huita bila ya sababu. Huyo ahitaji daktari wa wanyama, taa ndogo, na vitu visivyohamishwa mahali pake. Vidonge vya binadamu asipewe kabisa kwa kukisia. Paracetamoli yaweza kuliua ini lake, na dawa nyingine za maumivu zitumiwazo na watu humtoboa tumbo na kumharibu figo.

Na liko jambo moja lisilofaa kungojewa hata asubuhi ya pili. Mbwa aliyekuwa mtulivu akabadilika ghafula, hatulii, sauti yake imegeuka, udenda unamtoka, taya limelegea au anauma vitu ovyo, asiguswe wala asifundishwe usingizi. Yaweza kuwa ni kichaa cha mbwa. Aitwe bwana mifugo. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji yatiririkayo na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali saa hiyo hiyo, kwa maana dalili zikisha kumtokea binadamu karibu hapana aponaye, na kabla yake chanjo huokoa. Yu katika hatari hiyo zaidi mbwa asiyechanjwa, naye asiyechanjwa aghalabu ndiye yule asiyetolewa bandani hata na daktari.

Hubakia udhuru mmoja, nao ndio wa kweli kuliko zote: kwamba mwenye mbwa hana nafasi. Hutoka alfajiri kukwepa msongamano wa magari, hurudi usiku, na siku ya mapumziko ana harusi au msiba. Hayo yakubaliwe. Lakini mtu asiye na saa moja kwa siku kwa ajili ya mbwa hana mbwa. Ana kengele yenye damu, na kengele zisizo na damu zauzwa madukani. Akiamua kazi hiyo ifanywe na mtunza bustani, na amlipe kwa hiyo saa, wala asiihesabu kuwa ni sehemu ya kufyeka majani. Mengi ya mateso ya mbwa wa mijini hupitia mikono ya mfanyakazi aliyeamriwa kazi juu ya kazi, akaogopa mbwa ambaye hakuna aliyemfundisha kumzoea, akaona ni salama zaidi kusukuma sufuria kwa ufagio chini ya mlango.

Mwaka 1965, nchini Uingereza, kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell ilitoa taarifa juu ya mifugo inayofugwa kwa kubanwa, ikasema kwamba mnyama kwa uchache apate nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyosha viungo vyake. Yalisemwa juu ya kuku, ndama na nguruwe waliokuwa wakielekea machinjioni. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Yako mabanda katika miji ya nchi hizo, nyuma ya nyumba nzuri zenye maua, ambamo mbwa hapati hata yale matano yaliyoombwa kwa ajili ya nguruwe.

Asiyeridhika na hoja hizi anaweza kuzijaribu kwa gharama ndogo. Afungue banda kwa majuma mawili. Atembeze mbwa asubuhi na jioni, agawe chakula mara mbili, ahamishe banda lisitazame barabara, na usiku aache fimbo ndani. Siku chache za mwanzo zitakuwa mbaya, kwa kuwa mbwa hataamini. Majuma hayo yakisha, asijiulize mwenyewe kama kelele zimepungua, kwa maana amekwisha kuzizoea na masikio yake si shahidi mwema. Avuke barabara akamwulize jirani.